Kutengeneza na kujaribu flashi ya uokozi ya kompyuta ya nyumbani: yaliyonikuta Shangani, Mtwara

Mwalimu wa Shangani (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa nimetoka katika wiki mbili za kuhangaika na kompyuta ya nyumbani, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, nimeona nilieleze lote bila kujificha.

Tuna kompyuta ya mezani tunayoitumia sote: mimi natungia mitihani, mama watoto anawekea hesabu za cherehani zake, na watoto wanasomea. Mwaka juzi niliitengenezea flashi ya uokozi, yaani flashi ya kuwashia kompyuta na kurejeshea Windows siku ikigoma, nikaibandika karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu, nikaitia kwenye droo moja na hati ya kiwanja, na tangu siku hiyo sikuigusa tena. Mwezi uliopita umeme ulikatika Windows ikiwa katikati ya kujisasisha. Uliporudi, kompyuta ikawa inazunguka pale pale: inawaka, inasema inajitengeneza, inazima, inawaka tena. Nikaiendea droo kwa mwendo wa maringo. Nilichomeka flashi, kompyuta ikaisoma, nikaletewa ukurasa wa kuchagua mpangilio wa kibodi, na hapo nikashusha pumzi kabisa. Nilipoiamuru irejeshe Windows, ilikwenda asilimia chache, ikasimama, kisha ikaniarifu kwamba kuna tatizo na hakuna kilichobadilishwa.

Tatizo lilikuwa flashi yenyewe. Niliinunua kwa shilingi 12,000 ikiwa imeandikwa GB 64, na kompyuta ilipoisoma ilikubali kwamba ni GB 64. Baada ya mkasa huu niliipima kwa programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, ambayo hujaza flashi nzima mafaili ya GB 1 moja moja kisha huyasoma yote upya ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Niliiacha ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi nikakuta kwamba sehemu ya kweli haifiki hata GB 8, na kwamba yote yaliyoandikwa kupita hapo yalikuwa yamepotea.

Udanganyifu huu hufanyika ndani ya chipu inayoongoza flashi. Chipu hupangwa iseme ukubwa wa uongo, na nafasi halisi inapokwisha hupokea data na kuitupa, au huiandika juu ya ile ya mwanzo, huku ikiijulisha kompyuta kwamba kila kitu kimeandikwa salama. Ndiyo maana flashi yangu iliweza kuwasha kompyuta: mafaili madogo ya kuwashia yalibahatika kukaa katika sehemu ya kweli, wakati mafaili makubwa ya Windows yalikwenda na maji. Nisingeweza kulijua hilo kwa kuifungua tu na kutazama folda zake, kwa sababu majina ya mafaili yote yalikuwapo.

Safari hii nimefanya kwa mpangilio mwingine. Nimenunua flashi ya GB 32, nikaipima kwanza kwa H2testw mpaka ikakamilika bila kosa, ndipo nikaitengeneza. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows niliandika RecoveryDrive, nikaruhusu programu ifanye mabadiliko, na katika ukurasa wa kwanza nikahakikisha kwamba kisanduku cha kunakili mafaili ya mfumo kina alama ya vema. Ukiondoa alama hiyo utapata flashi ndogo yenye vifaa vya ukarabati tu, isiyoweza kuirudisha Windows iliyokufa. Kumbukeni pia kwamba flashi hufutwa yote kabla ya kuandikwa, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi ya shemeji. Kazi nzima ilinichukua zaidi ya saa moja, na kuna wakati mstari wa maendeleo ulisimama muda mrefu nikadhani imekwama. Iacheni, itamaliza.

Ilipokwisha niliizima kompyuta, nikaiwasha kutoka kwenye flashi, nikachagua kibodi, kisha nikatazama kama chaguo la kurejesha kutoka kwenye diski limo katika orodha. Chaguo hilo huonekana tu ikiwa mafaili ya mfumo yamo ndani ya flashi. Sikulibonyeza, kwa sababu baada yake maswali yanayofuata ni ya namna ya kufuta: aidha kuondoa mafaili yako tu, au kuisafisha diski nzima. Nililiona, nikatoka, nikazima.

Ninachoomba kwenu ni mawili: wenye uzoefu wanieleze kama jaribio hilo latosha, na waliowahi kuitumia flashi ya namna hii hadi mwisho wasimulie ilivyokuwa.

Mkazi wa Masasi

Mwalimu, pole sana kwa yaliyokupata, na ahsante kwa kuandika kwa kirefu. Nina maswali mawili ya mtu asiye fundi. Kompyuta yangu mpakato inaniambia nitumie flashi ya GB 32 wakati nimekwisha kununua ya GB 16. Je, kuna namna ya kuibembeleza? Na la pili, hiyo flashi ikishatengenezwa, ina maana picha zangu na hesabu za mikorosho ya baba zimo ndani yake?

Mwalimu wa Shangani

Dada yangu, la kwanza halibembelezeki. Ukubwa unaohitajika hutegemea Windows yako na mafaili iliyonayo. Zamani GB 16 zilitosha kompyuta nyingi, lakini Windows 11 katika mashine nyingi huomba zaidi. Itii kompyuta yako.

La pili nalijibu kwa mkazo: hapana. Flashi ya uokozi haichukui picha, hesabu, wala programu ulizoziweka mwenyewe baada ya kununua kompyuta. Inachukua Windows na vile ilivyokuja navyo, basi. Hesabu za mikorosho zinahitaji nakala yake peke yake, kwenye diski nyingine ambayo hukaa mbali na kompyuta.

Fundi wa Mtanda, Lindi

Mwalimu, heshima yako. Nimeusoma uzi wote na nakubaliana nawe juu ya flashi za uongo. Mimi mezani kwangu nina kopo zima la hizo. Ila napenda kutofautiana nawe kwenye jambo moja la msingi.

Kwa mtu wa nyumbani naona ni bora awe na flashi ya kusakinishia Windows badala ya hii ya uokozi. Ile ya kusakinishia hutengenezwa kwa programu ya Microsoft wenyewe iitwayo Media Creation Tool, inatosha kwenye flashi ya GB 8, inaweza kutengenezwa kwenye kompyuta ya jirani hata kama yako imekwisha kufa, na inafaa kwa mashine nyingi. Hii ya kwako sharti itengenezwe wakati kompyuta bado ni nzima, na ni ya mashine hiyo hiyo. Wateja wanaonijia na kompyuta zilizokwama, wengi hawakutengeneza kitu mapema, na siwezi kuwarudisha nyuma ya siku ile.

Nakubali kwamba Media Creation Tool hula bando, maana hupakua GB kadhaa kwa mkupuo, na mtandao ukiwa wa kusuasua kama tulivyokuwa Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, utaisubiri mpaka ukate tamaa. Lakini hiyo ni kazi ya usiku mmoja.

Kuhusu jaribio lako, Mwalimu, ninaliona limefika nusu ya njia. Umeona kwamba flashi inawasha. Hukuona kama ikiwaka inaiona diski ya ndani.

Mwalimu wa Shangani

Fundi, ahsante, nusu ya njia hiyo nilikuwa sijaifikiria. Nielekeze namna ya kuimaliza bila kuhatarisha kilichomo.

Kuhusu ubora wa flashi ipi, sikatai hoja yako, ila nina kisa. Kompyuta mpakato ya mdogo wangu ni ya Intel ya kizazi cha 11. Tulipojaribu kuisakinishia Windows kwa flashi ya kawaida, ukurasa wa kuchagua diski ulikuwa mtupu, kana kwamba haina diski kabisa, mpaka tulipopata kiendeshi cha Intel, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitambua kifaa, na kukipakia kwa mkono. Kwa hiyo flashi inayofaa mashine nyingi huenda isifae ile uliyo nayo.

Fundi wa Mtanda, Lindi

Hapo umenena. Kompyuta nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huja na mpangilio uitwao VMD unaoficha diski mpaka kiendeshi chake kipakiwe, na hilo limewafanya vijana wengi wawaambie wateja kwamba diski imekufa wakati ni nzima. Flashi ya uokozi hutengenezwa kutokana na mazingira ya ukarabati ya kompyuta yenyewe, ambayo mara nyingi kiwanda kimekwisha kuyatilia viendeshi vyake. Sasa basi, mwenye uwezo awe nazo zote mbili.

Kuona kama diski inasomeka, fuata hivi. Washa kutoka kwenye flashi, ingia upande wa utatuzi wa matatizo, kisha kwenye chaguo za juu zaidi, ufungue dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika diskpart, bonyeza Enter, kisha andika list disk. Utaletewa orodha: flashi yako kwa ukubwa wake, na diski ya ndani kwa ukubwa wake. Ikiwa imo flashi peke yake, umejua mapema kwamba una tatizo. Ukishaona, andika exit na utoke. Ndani ya dirisha hilo usiandike neno lingine lolote kwa udadisi, na hasa neno clean, lifutalo diski nzima, kwa sababu halikuulizi mara mbili.

Kijana wa Chikongola

Mwalimu, shikamoo. Fundi, shikamoo. Mimi nimekwama mapema kabisa, yaani flashi nimetengeneza lakini kompyuta haiwaki nayo. Nabonyeza F12 kama nilivyoelekezwa, inapita moja kwa moja hadi kwenye Windows. Ni HP.

Fundi wa Mtanda, Lindi

Marahaba, kijana. F12 ni ya Dell, Lenovo na Acer, na kwenye baadhi ya Acer sharti kwanza uiruhusu ndani ya bayosi, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows. Kwa HP gonga Esc mfululizo mara tu baada ya kuwasha, kisha F9. Kwa Asus nyingi ni Esc au F8. Ukishindwa kuiwahi, na ikiwa Windows bado inafunguka, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya amri ya kuwasha upya. Utaletewa ukurasa wa buluu wenye chaguo la kutumia kifaa kingine, na flashi yako utaikuta humo.

Ila kadiria hivi: siku Windows ikifa, njia ya Shift haitakuwapo. Kwa hiyo jifunze ile ya kibodi, na uiandike kwenye karatasi ile ile uliyoibandika kwenye flashi.

Kijana wa Chikongola

Imekubali kwa Esc na F9. Ahsanteni sana. Diski mbili zimeonekana.

Mkazi wa Masasi

Ndugu zangu, nimenunua GB 32, nikaipima, nikaitengeneza, nikafika mpaka kwenye hilo dirisha jeusi, na badala ya dirisha nimeletewa ukurasa unaonitaka niandike ufunguo wa tarakimu 48. Sijawahi kuwekewa ufunguo wowote. Nimeogopa, nimechomoa flashi na kuizima. Je, nimeharibu?

Mwalimu wa Shangani

Dada, hujaharibu kitu. Iwashe kawaida bila flashi uone kama Windows inafunguka, kisha tuambie kompyuta ilianzishwa kwa akaunti ya nani.

Mkazi wa Masasi

Inafunguka kama kawaida, alhamdulillah. Akaunti ndiyo shida yenyewe. Niliinunua dukani ikiwa tayari imewashwa na kuandaliwa, na nikitazama kwenye mipangilio naona barua pepe nisiyoijua. Nadhani ni ya kijana aliyenihudumia. Nilidhani ni jambo la kawaida tu.

Fundi wa Mtanda, Lindi

Dada, jaribio hili limekuepusha na balaa. Kompyuta yako diski yake imesimbwa kwa BitLocker, yaani imefungwa isisomeke bila ufunguo, jambo ambalo Windows 11 hulifanya yenyewe katika mashine nyingi mpya mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Kwa kawaida ufunguo wa tarakimu 48 huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Yako ikiwa ni ya mtu wa dukani, ufunguo wako unao yeye, na huenda hata hajui kwamba anao. Siku Windows ingekataa kuwaka, ungekuwa na flashi nzima, fundi mzuri na diski nzima, na bado hesabu za mzee zisingesomeka na mtu yeyote.

Kwa kuwa inafunguka, ufunguo unaweza kuuchukua leo hii. Tafuta dirisha la amri, lifungue kwa ruhusa ya msimamizi, uandike manage-bde -protectors -get C: kisha Enter. Zitatokea tarakimu katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Ziandike kwa mkono. Usizipige picha ukaziacha ndani ya kompyuta hiyo hiyo, wala usizitume humu. Halafu ufungue akaunti yako mwenyewe na uihamishie kompyuta, na ya yule kijana uiondoe.

Mwalimu wa Shangani

Nalitilia nguvu hili kwa upande wangu, kwani hata mimi sikujua. Kompyuta yangu ya mezani haikuwa imesimbwa, na hiyo ndiyo bahati iliyoniokolea mitihani. Flashi yangu ya uongo, pamoja na ubovu wake, iliweza kufungua lile dirisha jeusi, na jirani yangu mmoja akanionyesha jambo ambalo sikulitegemea: aliandika notepad, kikatoka kile kidaftari cha kawaida cha Windows. Akaenda kwenye amri ya kufungua faili, akabadilisha ionyeshe mafaili ya aina zote, na humo ndani tukaziona diski zote na folda zote. Akabofya folda ya mitihani kwa kitufe cha kulia, akainakili, akaenda kwenye diski ya nje tuliyoichomeka, akaibandika. Hapakuwa na mstari wa kuonyesha maendeleo, tukakaa kimya tukitazama taa ya diski ikipepesa. Baada ya hapo ndipo akaisakinisha Windows upya kwa flashi yake, ile anayoipendekeza Fundi.

Kama diski ingekuwa imesimbwa na ufunguo hatuna, tusingeona hata folda moja.

Fundi wa Mtanda, Lindi

Naongeza mawili nimalize. Wenye kompyuta za mezani wajaribu na kibodi na kipanya watakavyovitumia siku ya tatizo. Sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilileta hitilafu iliyofanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi ndani ya mazingira ya ukarabati, ingawa ndani ya Windows vilikuwa vizima. Microsoft walitoa marekebisho tarehe 20 mwezi huo huo, lakini kwa siku hizo mtu angefika kwenye ukurasa wa buluu na kubaki akiutazama. Aliyekuwa na flashi aliyoitengeneza kabla ya sasisho hilo alikuwa na mlango mwingine.

La pili, flashi iliyotengenezwa kwenye Windows 10 hurudisha Windows 10, hata kama wewe ulikwisha kuhamia 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma siku hiyo hiyo ya 14 Oktoba 2025, kwa hiyo aliyehama na atengeneze upya. Mimi wateja wangu nawaambia mara moja kwa mwaka, na wengi wetu huku hatusahau mwaka unapofika, kwa kuwa mnada wa korosho haumsahaulishi mtu.

Mwalimu wa Shangani

Nimerudia jaribio langu kwa maelekezo ya Fundi. Diski ya ndani imeonekana, GB 476 kama inavyopaswa. Ile flashi ya GB 64 nimeivunja kwa nyundo mbele ya watoto ili isije ikarudi mtaani.

Mkazi wa Masasi

Nami nirudishe majibu. Ufunguo nimeupata, nimeuandika kwa kalamu kwenye daftari la hesabu la baba, mafungu 8 kama ulivyosema, Fundi. Nikaona nisiishie hapo, nikawasha tena kwa flashi ili niuandike wenyewe nione. Ukakataa. Nikaingiza mara ya pili, ukakataa. Nikarudi ndani ya Windows, nikautoa upya na kuulinganisha na daftari tarakimu kwa tarakimu, nikakuta katika fungu la 5 niliandika 7 ikafanana na 1. Nimeikata kila 7 kistari katikati. Mara ya tatu umekubali, na dirisha jeusi limefunguka.